Kichwa cha Mke wa Kinyozi

Ilikuwa mara ya tatu sasa kinyozi kukataa kumnyoa mkewe, na safari hii hakutafuta hata kisingizio cha maana. Mama Pacha alikuwa ameshatoa kigoda uani, amejifunga taulo mabegani na kuinamisha shingo kama alivyozoea. Mumewe akatoka ndani, akamtazama kisogoni, akachomoa noti mfukoni na kuiweka juu ya mfuniko wa ndoo ya maji.

"Nenda saluni," akasema. "Wanawake wenzako wote siku hizi wanasuka."

"Mimi na kusuka wapi na wapi?"

"Basi jaribu."

Akavaa kandambili, akaenda zake. Mama Pacha akabaki na taulo mabegani, Jumapili mchana kweupe, mabinti zake wawili wakimchungulia kutoka mlangoni. Mmoja akauliza kama baba amenuna. Mwenzake akampiga kiwiko. Mama yao akawaambia baba amechoka, wakacheze.

Sasa, mtu asiyewajua hawa wawili ataona ni jambo dogo, nywele tu. Lakini kichwa cha Mama Pacha kilikuwa hakijaguswa na mkono mwingine tangu enzi za uchumba. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kinyozi alimnyoa mkewe hapo uani, mpaka kichwa kikabaki laini na mviringo wake wote ukaonekana. "Hiki ndicho kibao changu cha biashara," aliwaambia watu. "Mwenye shaka na kazi yangu akitazame kichwa hiki." Mke naye kwa majigambo hakuwa nyuma. Akiulizwa alimpendea nini mwanamume mfupi vile, mwenye masikio makubwa vile, alijibu, "Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na mkono." Watu wakacheka, na kinyozi akacheka kuliko wote. Utani huo Mama Pacha aliusema harusini kwao na akaendelea kuusema kila palipokusanyika watu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo watu hawakulijua. Kinyozi hakuwa mtu wa maneno. Mezani alikula, kitandani alilala. Lakini akisimama nyuma ya mkewe na mashine mkononi, macho ya mkewe yakitazama chini, maneno yalimtoka yenyewe. Shule ya watoto waliiamua hivyo, na nyumba hii waliyopanga waliiamua hivyo, mmoja amesimama na mwingine ameinama. Kwa hiyo Jumapili ile Mama Pacha hakunyimwa kunyolewa tu. Alinyimwa mume kwa mwezi mwingine mzima.

Akaichukua ile noti, akaikunja, akaitia kwenye kopo tupu la chumvi. Saluni hakwenda.

*

Mama Pacha alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, kwenye chumba cha nyuma chenye pasi tatu na dirisha moja. Pasi ya pili ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi, aliyekwisha kuzika waume wawili. Ya tatu ilikuwa ya Bi Harusi, mwenye miezi michache tu ya ndoa na tayari alijua kila kitu kuhusu wanaume.

"Mwanamume akiacha kushika kichwa chako, ujue ameshika kichwa kingine," Bi Harusi akatoa hukumu. "Chunguza simu."

"Nimeichunguza. Ina picha za watoto na za visogo."

"Visogo vya nani?"

"Vya wateja. Wanaume watupu."

"Mh," Bi Harusi akasema, akakosa pa kushika.

"Si nywele tu," Mama Pacha akaendelea, akinyoosha shuka. "Mashati ninayomfulia hayavai. Nayafua, nayapiga pasi, nayatundika, yeye anayapita kama hayaoni, anavaa fulana. Chai anataka nusu kikombe. Nikijaza anaiacha mezani mpaka inaota utando. Zamani nikimjazia alisema mkono wangu hauna choyo."

Bi Harusi akatikisa kichwa. Mashati yasiyovaliwa, kwa madobi watatu, lilikuwa tusi kubwa kuliko la nywele.

"Nyie watoto mnajisumbua," Shangazi akasema mwishowe. "Mwanamume hana mambo mengi. Ana njaa, ana usingizi, na anapenda sifa. Mpe vyote vitatu, kisha nyamaza ungoje."

"Nimempa, Shangazi."

"Basi nyamaza zaidi."

"Wewe wako wawili uliwaelewa?"

Shangazi akaisimamisha pasi. "Wa kwanza sikumwelewa, maana hakusema kitu mpaka anakufa. Wa pili nilimwelewa siku aliyoumwa akaniomba nimkate kucha. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kuniomba kitu. Alilia kama mtoto, kwa kucha tu." Akairudisha pasi kwenye kola. "Lakini wewe nyamaza tu."

Ushauri ulikuwa huo, na Mama Pacha aliurudisha nyumbani kama ulivyo, haujamsaidia kitu. Kunyamaza hakukuwa katika vipaji vyake.

*

Alhamisi mama mkwe akaja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, anayependa mwanawe kupita kiasi na asiyeona aibu kwa hilo. Alipokea shikamoo ya mkwewe, akaketi, akakiangalia kichwa cha mkwewe muda mrefu. Nywele zilikuwa zimeshafika urefu wa kidole, hazina mwelekeo.

"Naona siku hizi tunafuga," akasema.

"Zimekua tu, mama."

"Nywele hazikui tu. Mwanamke aliyenyoa miaka nenda miaka rudi, ghafla anafuga, pana jicho jipya linamtazama. Unamfugia nani?"

Mama Pacha akaliweka birika chini. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye stuli pale pembeni, mikono ameikalia, macho sakafuni. Neno moja lingetosha. Angesema tu, mama, mimi ndiye ninayekataa kumnyoa. Watoto wenyewe walikuwa wakimtazama, wakingoja alitamke.

"Mama, chai inapoa," kinyozi akasema.

"Chai nitakunywa. Namwuliza mkeo. Mwanangu anashinda amesimama tangu asubuhi, miguu inamvimba, nyumbani mtu anajipamba kwa wahuni."

"Mama..."

"Mimi nimesema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Akanywa chai yake yote, akala mkate, akaaga. Mama Pacha akamsindikiza mpaka njia panda, maana adabu ni adabu hata ukitukanwa, na njiani akajibu ndiyo mama kwa kila kitu. Aliporudi alimkuta mumewe palepale kwenye stuli.

"Una mwanamke?" akamwuliza.

"Ukishajua utafanya nini?"

"Nijibu kwanza."

"Sijui unataka nikwambie nini, Mama Pacha."

"Mama yako amenifanya mhuni nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu. Wewe unajua nywele hizi zimeota kwa nini. Umekaa."

Kinyozi akainuka kwenda kulaza watoto. Hapo ndipo wanawake wengi hulia, na si vibaya, kilio kina kazi yake. Mama Pacha aliosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi, na alipofika kwenye sufuria ya mwisho alikuwa ameshakata shauri. Angejua. Akishajua ataondoka au atakaa, hilo ni la baadaye. Lakini kukaa bila kujua, hapana.

*

Jumamosi ndiyo siku ya kinyozi ya kazi nyingi, na ndiyo maana Mama Pacha aliichagua. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kiti kikubwa cha kuzunguka, kioo, na benchi la wanaosubiri. Ukutani palikuwa na upenyo wenye pazia, unaokwenda kwenye stoo ndogo, na stoo hiyo kinyozi alichangia na msusi wa saluni ya upande wa pili.

Alipoingia benchi lilikuwa limejaa. Mwisho wake alikaa Fundi Viatu, mwenye upara tangu ujana, ambaye hakuwahi kunyolewa humo hata siku moja lakini hakukosekana, maana umbea wa kinyozi ni bure. Kwenye kiti alikuwapo mteja ameshanyolewa kichwa, amefunikwa kitambaa mpaka shingoni, povu kidevuni, anangoja. Kinyozi hakuwapo.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, shemeji," wakajibu, kisha wote kwa pamoja wakapendezwa na viatu vyao.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Fundi Viatu akakohoa. "Yupo nyuma hapo. Lakini ngoja kidogo, shemeji, kaa, anakuja sasa hivi."

Bila ile ngoja kidogo huenda angengoja. Akavuka chumba, akalisukuma pazia.

Msusi alikuwa amesimama karibu kabisa na mumewe, amekishika kiganja chake cha kulia kwa mikono yake miwili, amekibana. Kwenye meza kulikuwa na wembe, chupa ya spiriti na kikombe cha maji. Hawakuruka. Hicho ndicho kilichomuuma kwanza, kwamba hawakuruka.

"Basi ndiyo haya," Mama Pacha akasema.

Kinyozi akautoa mkono wake, akauficha nyuma. Nje ya pazia benchi likakwaruza, watu wakijisogeza wasikie. Akamtazama mkewe, akalitazama pazia, kisha akasema kwa sauti ambayo benchi zima lingeisikia:

"Ndiyo. Si umeshaona? Ni kweli. Nenda nyumbani, tutaongea huko."

"Kweli nini?" Msusi akauliza.

"Nyamaza, dada."

"Ninyamaze? Nimekunyolea ndevu za wateja wako wiki zote hizi, ukiwadanganya najifunza kazi, kwa sababu ulinisihi, umekaribia kunipigia magoti, leo unanipa na uhawara juu yake? Mimi nina mume! Mama mkwe wangu na mama yako wanakaa benchi moja kwenye maombi! Hapana, kaka. Hilo vazi livae mwenyewe." Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti yake, lakini hapo akaishusha mpaka ikawa mnong'ono. Akakichukua kile kikombe cha maji, kimejaa, akakisukumiza mkononi mwa kinyozi. "Haya. Mpe mkeo maji."

Maji hayakufika. Mkono ulitetemeka, yakaruka kulia, yakaruka kushoto, yakamlowesha fulana, na alipojaribu kukirudisha kikombe mezani kikagonga-gonga ubao mpaka Msusi akakishika. Mama Pacha aliutazama mkono ule. Akayaona mashati yenye vifungo ambavyo havifungiki. Akaiona chai ya nusu kikombe, na stuli, na mikono iliyokaliwa.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

Kinyozi akaufunika mkono kwa ule mwingine.

"Ulikuwa tayari niamini una hawara."

"Mtu mwenye hawara anachekwa, kisha watu wanasahau," akasema kwa chini. "Kinyozi anayetetemeka, nani atamwachia shingo yake?"

"Na mimi? Mimi ni mteja?"

Kinyozi akaliangalia tena pazia.

"Bora ungelala naye," Mama Pacha akasema.

"Jamani!" Msusi akashtuka.

"Nisamehe, dada, najua hukunikosea. Lakini bora angelala na wewe. Mambo ya mwili ningeyaelewa. Siri yake amekupa wewe, mimi ameniwekea noti juu ya ndoo."

Akatoka mbele, si mlango wa nyuma. Fundi Viatu akampa pole, akamwambia wanaume ndivyo walivyoumbwa, asiweke moyoni. Angeweza kumsafisha mumewe palepale kwa maneno mawili. Angeweza pia kumchafua zaidi. Akasema asante, akaenda zake, kwa sababu maneno yale hayakuwa yake kuyasema.

*

Habari ya fumanizi ilifika nyumbani karibu pamoja naye. Jirani mmoja alikuja kuomba kiberiti asichokihitaji, na wa pili akaja kwa pole ya wazi. Kinyozi mwenyewe akafunga duka mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya Jumamosi, akarudi jua bado kali.

Mkewe alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Akasimama mbele yake.

"Mama Pacha."

"Naam."

"Mimi..." Akaishia hapo. Akajikuna shingo kwa mkono wa kushoto. Akaanza tena, akaishia palepale. Alimtazama mkewe usoni na kila alipomtazama neno lilirudi tumboni. Mama Pacha alikuwa na hasira ya kutosha kumtupia pasi, na angemwacha asimame hapo mpaka aote mizizi. Lakini aliwaza Shangazi na zile kucha za mumewe wa pili. Akawaza Jumapili zote zile, maneno yote aliyowahi kuyapata kwa mwanamume huyu, na mahali macho yake mwenyewe yalipokuwa wakati akiyapata.

Akazima pasi. Akatoka uani, akakivuta kigoda, akaketi akiwa amempa mumewe mgongo. Akainamisha shingo.

"Sema sasa," akasema.

Kuku wa jirani alipita, akarudi. Kisha sauti ikaanza nyuma yake.

"Ilianzia kwenye sikio la mteja. Nilimkata kidogo tu. Nikasema ni uchovu. Siku ya pili mwingine shingoni. Nilikuwa nimeushika wembe kwenye shingo ya mtu, Mama Pacha, mtu amefumba macho ananiamini, na mkono unanicheza. Nikaenda zahanati peke yangu. Daktari akanipa kalamu nichore duara. Nikashindwa kuchora duara. Akasema ugonjwa wenyewe hauui, lakini na kuondoka hauondoki. Kuna vidonge, vinapunguza kidogo, vinanipa usingizi. Nilipotoka pale nikakaa nje kwenye ngazi, na unajua nilichosikia kichwani? Sauti yako. Niliolewa na mkono."

Mama Pacha alitaka kugeuka. Akaung'ang'ania ukingo wa kigoda asigeuke.

"Ulikuwa utani," akasema.

"Najua. Na mimi niliupenda. Mfupi, masikio haya, hela za kubangaiza, lakini mke wangu anautaja mkono wangu mbele za watu. Utani wako ndio ulikuwa cheo changu. Sasa ningekuja kukwambia nini? Kwamba yule uliyeolewa naye amekufa, amebaki huyu mwingine?"

"Kwa hiyo ukakataa kunishika."

"Mteja sikio likikatika atasema bahati mbaya. Wewe kichwa chako kinaujua mkono wangu. Ningekugusa tu ungejua."

Alikuwa analia, alimsikia. Mumewe hajawahi kumlilia, na hata sasa alijua ni kwa sababu tu hamwoni. Yeye naye machozi yalimdondokea mapajani, lakini shingo hakuinua.

"Utani ule nilikosea," akasema. "Sitausema tena. Sasa nisikilize na mimi. Kutetemeka hukujitakia. Lakini mama yako alinivua nguo pale ndani, na wewe umekalia mikono. Madobi wenzangu wananionea huruma. Leo mtaa mzima unanipa pole. Ulichagua nichekwe mimi ili usichekwe wewe. Ni hivyo au si hivyo?"

Alimsikia akipenga kamasi.

"Ni hivyo," kinyozi akasema.

"Basi Jumamosi utaninyoa. Dukani, benchi likiwa limejaa."

"Nikikukata?"

"Nitatoka damu."

"Watu wataona."

"Ndiyo maana."

"Na mama?"

"Mama ni wako. Mimi simwambii."

*

Jumamosi hiyo benchi lilijaa kuliko kawaida, maana watu walikuja kuona fumanizi limeishaje. Mama Pacha alipoingia wakamfuata kwa macho. Hakukaa benchini. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa, akapanda, akajifunga kitambaa mwenyewe, akangoja.

Kinyozi alisimama nyuma yake. Kwenye kioo alionekana kama mtu aliyeitwa kusoma barua ya msiba. Msusi alikuwa amesimama penye pazia, mikono ameikunja, anaangalia kwa hamu.

"Jamani," kinyozi akasema. Akakohoa. "Jamani, huyu dada hapa ni dada yangu, hakuna kilichopita kati yetu. Niliyoyasema ile siku yalikuwa uongo. Mkono wangu unatetemeka. Ni ugonjwa. Wembe nimeuacha, ndevu atanyoa yeye na nusu ya malipo ni yake. Mashine bado naiweza nikiuegemeza mkono. Kwa anayetaka."

Akaunyoosha mkono wa kulia wauone. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na mlango akaitazama saa yake, akasema amekumbuka kitu, akatoka, na wote wakajua hatarudi. Kinyozi alimtazama mpaka alipoishia. Kisha akawasha mashine.

Mkono wa kushoto ukatua utosini kwa mkewe. Wa kulia ukaegemea juu yake, na hata hivyo mashine ilicheza, ikaruka, ikarudi. Mama Pacha aliinamisha shingo. Kweli, angejua. Ulikuwa mkono mwingine kabisa, mzito, wenye wasiwasi, unaomgusa mara mbili mahali pa kumgusa mara moja. Alifumba macho, akautulizia kichwa. Nyuma ya sikio mashine ikamng'ata, akauma meno.

"Mwenzako akinyolewa, chako tia maji," Fundi Viatu akasema kutoka mwisho wa benchi. "Bahati yangu mimi sina cha kutia maji."

Kicheko kikawatoka, kwanza kwa woga, halafu kwa raha. Kinyozi akazima mashine ili acheke, maana asingeweza yote mawili kwa pamoja.

"Umeacha kisiwa hapo nyuma," mteja mmoja akasema.

"Kiache," akajibu Mama Pacha. "Ndiyo kazi yake ya sasa hiyo. Nani anafuata?"

Wakatazamana. Akainuka mzee mmoja, akasema nywele zake zenyewe zimebaki chache, hata zikikosewa haitajulikana. Ila ndevu zake ziende kwa dada.

*

Mama mkwe akaja kesho yake baada ya maombi. Habari ya hawara alikuwa ameisikia na hakuiamini. Ya mkono ilikuwa haijamfikia. Akapokea shikamoo, akaketi mahali pake, na macho yakaenda yalikozoea kwenda.

"Afadhali umenyoa," akasema. Kisha akainuka nusu, akamzunguka mkwewe, akakiangalia kile kisiwa, na mkwaruzo mbichi nyuma ya sikio, na mstari uliopanda na kushuka. "Lakini makubwa haya! Mke wa kinyozi anatembea na kichwa hiki? Nani amekunyoa vibaya hivi? Alikuwa amelewa?"

Mama Pacha alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina. Mmoja wa mapacha akafungua mdomo, mama yake akamkata jicho, akaufunga. Akakijaza kikombe cha mumewe mpaka ukingoni, akakiweka mbele yake, akakaa.

Kinyozi alikuwa kwenye stuli yake ileile. Alikiangalia kikombe, akamwangalia mama yake. Akaitoa mikono chini ya mapaja, akakishika kikombe kwa yote miwili, na chai ikamwagika mezani, ikatiririka mpaka kwenye nguo ya mama yake ya kwendea maombini.

"Mimi, mama," akasema. "Nimemnyoa mimi."